JICHO LILILOPIGWA
Historia ya matunzo ya katarakti ya jeraha, kutoka Musumba mupaka Kolwezi

Utangulizi

Ndugu musomaji, katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, maziko, kutawazwa kwa Mwant Yav, ngoma na michezo ya zamani. Ile yote ni mila, na ni vizuri iandikwe mbele wazee hawajatuacha wote. Lakini namna watu wanavyotunza mugonjwa nayo ni mila. Kila muji uko na desturi yake: nani anaitwa wa kwanza, dawa gani inawekwa, nani analipa, nani analala pembeni ya mugonjwa. Njo maana nimechagua kuandika juu ya kitu kidogo sana, ambacho hakipiti ukubwa wa punje ya harage, lakini kikiharibika kinabadilisha maisha ya mutu: ile lensi iliyo ndani ya jicho, na namna inavyokuwa nyeupe nyuma ya kupigwa.

Katika lopitali wanaita ugonjwa huo katarakti. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanasema mutoto wa jicho. Watu wengi wanajua katarakti ya wazee, ile inayokuja polepole katika macho yote mawili. Hiyo njo inayofunga macho ya watu wengi zaidi katika dunia. Lakini kuko ingine inayoshika vijana na watoto, kwa kawaida jicho moja tu, kwa sababu ya muti, jiwe, ngumi, fimbo, mwiba ao kipande cha chuma. Ni hiyo ninataka tuzungumuzie. Nitaonyesha kwanza wazee wetu waliifikiri namna gani, kisha namna dunia ilivyojifunza kuitunza, kisha namna matunzo yalivyofika kwetu, na mwisho nitasema mila gani inatusaidia na gani inatupotezea macho.

1. Weupe unaobariki na weupe unaofunga

Musumba ni muji wa kifalme wa Waruund, fasi ya Mwant Yav. Zamani haukukaa fasi moja. Kila mufalme aliyetawazwa aliweza kujenga Musumba yake, na wageni walioufikia waliandika kwamba ulijengwa kwa mufano wa kobe: kichwa, miguu, mugongo na mukia. Mujerumani Paul Pogge alifika mwisho wa mwaka 1875. Miaka ine nyuma yake, mwisho wa 1879, akafika Max Buchner, naye Mujerumani, akakaa karibu miezi sita. Buchner alikuwa munganga kwa masomo yake, lakini alikuja kama mutafiti na mujumbe, hakuja kufungua dispansere. Mureno Henrique de Carvalho alifika mwaka 1887. Kisha vita vya Wachokwe vikaharibu muji, watu wakatawanyika, na ni wakati wa ukoloni tu ambapo Musumba ilitulia hapa ilipo leo, katika teritware ya Kapanga.

Katika desturi za Kilunda, rangi nyeupe ni rangi ya heri. Pemba, ule udongo mweupe, unapakwa juu ya mutu anayebarikiwa, anayetawazwa, anayetoka katika matata. Mutaalamu Victor Turner, aliyekaa na Walunda-Ndembu wa Mwinilunga katika Zambia kati ya 1950 na 1954, aliandika mengi juu ya jambo hilo. Hao Ndembu wanasema wenyewe kwamba wakubwa wao walitoka kwa Mwant Yav. Turner alionyesha kwamba nganga hachagui dawa ovyo ovyo. Anachagua muti kwa sababu ya rangi yake, utomvu wake, jina lake ao tabia yake: muti wenye maji meupe sawa maziwa, kwa mufano, unasaidia mama anayenyonyesha.

Sasa tazama tatizo ambalo jicho lililopigwa liliwaletea watu wenye kufikiri hivyo. Weupe ni heri, lakini hapa weupe umekuja fasi isiyo yake. Umekaa katikati ya mboni, fasi inayopashwa kuwa nyeusi. Mutu alipigwa na tawi la muti akasikia maumivu, akapona kwa inje. Kisha siku, miezi ao miaka nyuma, jicho linapauka. Kwa mutu asiyekuwa na namna ya kutazama ndani ya jicho, ilikuwa vigumu kuunganisha tawi lile na weupe ule. Alipashwa kutafuta sababu ingine. Tusiwacheke wazee wetu. Walifikiri kwa njia ya vitu walivyoweza kuona.

2. Nani aliitwa wa kwanza

Jamaa walipoona jicho limeharibika, maswali yalikuwa mawili. La kwanza: tutie dawa gani? La pili: nani amefanya hivi?

Kwa swali la kwanza kulikuwa na wajuzi wa majani. Majani yanatwangwa, maji yake yanakamuliwa ndani ya jicho. Fasi nyingi za Afrika watu wametia vilevile maziwa ya mama, mafuta, hata mukojo. Na nani kati yetu hajaona mutu akimulambia mwenzake jicho kwa ulimi ili kutosha takataka? Nyingi za desturi hizo zilikuwa na nia nzuri. Kuosha mavumbi kwa kitu chenye maji ni jambo la akili. Lakini jicho lililopasuka ni sawa nyumba ambayo mulango umevunjika: kila kitu kinachowekwa inje kinaingia mupaka ndani. Maji ya majani yanabeba vijidudu na kuvu. Usaha ukijaa ndani ya jicho, hakuna katarakti ya kupasua tena, kwa maana hakuna jicho tena.

Kwa swali la pili kulikuwa na ngombo. Kwa Walunda na kwa Wachokwe, mwenye ngombo anashika kitunga chenye vitu vidogo vingi: sanamu za watu, mbegu, mifupa, kucha. Anakitikisa, anaangalia vitu gani vimepanda juu, anasoma. Ngombo ilitafuta chanzo cha shida katika maisha ya watu: kuna ugomvi gani katika jamaa, babu gani amesahauliwa, nani anashitakiwa bulozi. Kama kazi ya kupatanisha jamaa, ilikuwa na maana yake. Kama kazi ya kuponya jicho, ilikuwa na kasoro moja kubwa: ilikula siku. Kutafuta mwenye ngombo, kukusanya malipo, kumwita mujomba anayekaa mbali, kuketi, kusikiliza, kuanza tena kwa mwingine kama jibu halikupendeza. Juma moja linapita, na la pili. Wakati ule wote lensi iliyopasuka inaendelea kuvimba, na mama muzee mumoja wa jirani anaanza kuangaliwa kwa macho mabaya.

Kwa maoni yangu, hapo njo penye hasara mara mbili: mutoto anapoteza jicho, na muzee asiye na kosa anapoteza jina lake.

3. Sindano ya watu wa zamani

Musidhani kwamba watu wengine wa dunia walikuwa na akili kupita sisi. Kwa miaka zaidi ya elfu mbili, dawa ya katarakti fasi nyingi ilikuwa moja tu: sindano. Vitabu vya uganga vya India vinavyobeba jina la Sushruta vinaifasiria. Celsus wa Roma aliifasiria katika karne ya kwanza. Fundi anaingiza sindano katika jicho, anasukuma ile lensi nyeupe mupaka ianguke chini ndani ya jicho. Mulango unafunguka, mugonjwa anaona mwangaza, watu wanapiga vigelegele. Yapata mwaka 1000, Ammar ibn Ali wa Mosul, aliyetumika Misri, aliandika juu ya sindano yenye tundu kwa kunyonya katarakti iliyo laini.

Katika Afrika ya magharibi, hasa kati ya Wahausa, wako mafundi waliosafiri kijiji kwa kijiji na sindano yao, na kazi hiyo haijakwisha mupaka leo. Mugonjwa anaona siku ile ile, analipa, fundi anaenda zake. Shida inakuja nyuma: lensi iliyoachwa ndani inachoma, shinikizo la jicho linapanda, ao vijidudu vinaingia. Wengi wanakuwa vipofu kabisa wakati fundi amekwisha kuvuka muto.

Yule aliyefungua njia mupya ni Mufaransa Jacques Daviel. Mwaka 1747, alipokuwa akimupasua mugonjwa, alitosha katarakti inje ya jicho pahali pa kuisukuma chini, kisha akafanya hivyo kwa wengi, akaandika taarifa yake. Tangu hapo waganga wa Ulaya wakaanza kuacha sindano polepole. Lakini mutu aliyetoshwa lensi alipashwa kuvaa lineti nene sawa chini ya chupa. Kwa muzee wa macho mawili ilifaa. Kwa kijana aliyepigwa jicho moja haikumusaidia sana, kwa sababu jicho la lineti nene linaona vitu vikubwa, lile lingine linaona vitu vya kawaida, na kichwa hakiwezi kuunganisha picha mbili zisizolingana.

4. Jeraha lililofundisha waganga

Jambo linalonishangaza katika historia hii ni kwamba dawa ya katarakti ilitoka katika jeraha la jicho lenyewe. Katika vita ya pili ya dunia, marubani wa Uingereza walikaa ndani ya ndege zenye kifuniko cha plastiki ngumu inayoonyesha sawa kioo. Mwezi wa Agosti 1940, risasi zilivunja kifuniko cha rubani Gordon Cleaver, na vipande vikamuingia katika macho. Munganga wa macho Harold Ridley aliwatunza marubani wa namna hiyo. Aliona kwamba vipande vile vya plastiki, kama havina ncha inayosumbua, vinaweza kukaa ndani ya jicho miaka bila kulichoma. Chuma kinaleta matata, lakini plastiki ile jicho linaivumilia.

Siku moja, mwanafunzi wa uganga aliyekuwa akimutazama Ridley akitosha katarakti alisema ni hasara kwamba hawezi kuweka lensi ingine pahali pa ile aliyotosha. Sisi walimu tunajua maneno ya namna hiyo: mwanafunzi anasema jambo jepesi, darasa linacheka, kumbe njo swali lenyewe. Ridley hakucheka. Akatengenezesha lensi kwa plastiki ya namna ile ile, na mwezi wa Novemba 1949, katika lopitali ya St Thomas' ya London, akaiweka ndani ya jicho la mugonjwa. Waganga wakubwa wengi walimupinga kwa miaka mingi. Leo lensi za namna hiyo zinawekwa kwa mamilioni kila mwaka.

Kwa watu maskini mulango ulifunguka nyuma zaidi. Mwanzoni lensi moja iliuzwa zaidi ya dola mia moja. Mwaka 1992, lopitali za Aravind katika India, zilizoanzishwa na Govindappa Venkataswamy mwaka 1976, zilifungua kiwanda chao cha lensi. Wanepali nao, pamoja na Sanduk Ruit na Muaustralia Fred Hollows, walisukuma kazi iyo hiyo katika Kathmandu. Bei ikashuka chini ya dola kumi. Wakaendeleza vilevile upasuaji wa tundu dogo ambao hauhitaji mashini ya bei kali wala kushona. Njo upasuaji unaofaa katika lopitali za fasi kama zetu, penye umeme unaokatika.

5. Uganga unafika Kapanga

Misioni ya Wametodisti ilifika katika inchi ya Mwant Yav katika miaka ya 1910, nyuma ya safari za John Springer na bibi yake Helen. Munganga wao wa kwanza Kapanga alikuwa Muamerika Arthur Piper, aliyetumika huku miaka mingi sana. Watu walimujua kwa kazi ya ugonjwa wa usingizi na ya ukoma, magonjwa yaliyomaliza vijiji siku zile. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa lopitali ya Samuteb, ambayo kila mutu wa Kapanga anaijua.

Nyuma ya uhuru, katika miaka ya 1960, alikuja Glen Eschtruth, naye Muamerika. Mwezi wa Machi 1977 waaskari waliotoka Angola waliingia Shaba, na Kapanga ilikuwa kati ya fasi za kwanza kushikwa. Ilikuwa vita tunayoita Shaba ya kwanza. Eschtruth hakuwacha wagonjwa wake. Aliuawa mwezi wa Aprili mwaka ule ule. Ninaandika jambo hilo kwa sababu historia ya lopitali zetu inafuatana na historia ya vita zetu. Kila mara munganga anapokufa ao kukimbia, wagonjwa wanarudi kwa dawa ya majani. Hawarudi kwa ujinga. Wanarudi kwa sababu mulango mwingine umefungwa.

Kupasua jicho kunalomba mutu aliyesoma kazi hiyo peke yake, na kwa inchi kubwa kama yetu watu hao ni wachache na wanakaa katika miji mikubwa. Katika Kinshasa, lopitali ya Saint-Joseph ya Limete imefundisha waganga wa macho kwa Afrika ya kati. Katika Lubumbashi kuna Kliniki za chuo kikuu na lopitali ya Jason Sendwe. Lakini mutu wa kijiji cha Kapanga, wakati wa mvua, barabara ikikatika, kufika Kolwezi tu ni safari ya siku. Jicho lililopasuka halihesabu siku sawa sisi.

6. Shaba na macho

Inchi yetu ilijulikana kwa shaba mbele Wazungu hawajafika. Misalaba ya shaba imekutwa katika makaburi ya zamani ya Sanga, pembeni ya ziwa Kisale, na shaba ilisafiri mupaka mbali kama kodi na mali ya biashara. Wafua shaba walitumika na moto, mivuvio na nyundo. Kila kazi ya nyundo iko na hatari yake kwa macho.

Union Minière iliundwa mwaka 1906, Kolwezi ikazaliwa mwaka 1937, na nyuma ya uhuru mali ikaingia katika Gécamines. Ndani ya kompani kulikuwa na sheria: kofia, viatu, lineti za kazi. Kisha, katika miaka ya 1990, Gécamines ikaanguka, mishahara ikakatika, na vijana wakaingia katika mashimo wenyewe. Tangu Kode ya madini ya mwaka 2002 uchimbaji wa mikono umepata nafasi yake katika sheria. Vijana wengi waliacha Kapanga na Sandoa kwenda kuwa makrezeri Kolwezi. Wana nyundo, burini na taa ya kichwa. Lineti hawana.

Hapa musomaji aelewe kwamba kipande si kipande. Nyundo ikipiga burini ya zamani yenye kichwa kilichofunguka sawa ua, kipande kidogo cha chuma kinaruka kwa mbio kuliko risasi ya manati. Kinapenya jicho, na mara ingine mutu anasikia tu sawa muchanga. Jeraha linajifunga, anaendelea na kazi. Lakini chuma kinashika kutu ndani ya jicho. Kutu ile inatawanyika, inaua ile karatasi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Mujerumani Julius Hirschberg alianza mwaka 1879 kutosha vipande vya namna hiyo kwa sumaku ya umeme, na waganga wanatumia sumaku mupaka leo.

Shaba inafanya vingine. Kipande cha shaba safi kinachoma jicho kwa nguvu, usaha unaweza kujaa kwa siku chache hata bila vijidudu. Kama shaba imechanganywa na madini ingine, inayeyuka polepole na kutengeneza katika lensi picha ya ua la alizeti, na waganga wameiita kwa jina hilo: katarakti ya alizeti. Fikiri kidogo, ndugu. Madini ile ile iliyojenga miji yetu inaweza kuchora ua ndani ya jicho la mutu aliyeichimba, na ua lile linamufungia dunia.

Mwaka 1998 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba kila mwaka watu milioni 55 wanapata jeraha la jicho linalowasimamisha kazi zaidi ya siku moja, na kwamba watu karibu milioni 19 katika dunia walikuwa hawaoni ao wanaona vibaya kwa jicho moja juu ya jeraha. Hao wengi ni wanaume na vijana, maana yake watu wenye kulisha nyumba.

7. Nini inapita ndani ya jicho, na munganga anafanya nini

Lensi imefungwa ndani ya ngozi nyembamba sana. Ngozi ile ikipasuka, maji ya jicho yanaingia, lensi inavimba na kuwa nyeupe kwa saa ao siku chache. Kama jicho lilipigwa bila kupasuka, kwa ngumi ao mupira, katarakti inaweza kukawia miezi, hata miaka. Njo maana mutu anasahau pigo lenyewe.

Munganga wa macho anaanza kwa kuuliza: nini ilikupiga, na wakati gani? Anawasha taa, anafunika jicho zima, anauliza kama mugonjwa anaona mwangaza, na unatoka upande gani. Mutu anayeona mwangaza pande zote yuko na tumaini zuri. Asiyeona hata mwangaza, mara nyingi shida imekwisha kupita lensi, imefika nyuma ao katika mushipa, na kutosha katarakti hakutamurudishia macho. Kama kipande cha chuma kinazaniwa, wanapiga picha ya redio. Jeraha lililo wazi linashonwa kwanza. Lensi mara nyingi inatoshwa nyuma, jicho likitulia, isipokuwa kama imevimba sana na kupandisha shinikizo. Hapo wanafanya haraka. Kisha lensi ya plastiki inawekwa, kama nyumba yake ndani ya jicho bado nzima. Mutu muzima anachomwa sindano ya ganzi pembeni ya jicho. Mutoto analazwa usingizi kabisa.

Kwa mutoto kuko jambo ingine. Mupaka umri wa miaka saba ao nane, kichwa chake bado kinajifunza kuona. Jicho likifungwa na weupe wakati huo, kichwa kinaliacha, na hata ukilifungua nyuma ya miaka mingi, halitaona vizuri. Njo maana kwa mutoto kungoja akomae ni kumuhukumu. Na mutoto aliye na mboni nyeupe bila jeraha lolote naye apelekwe upesi, kwa maana inaweza kuwa kansa ya jicho, na hiyo inaua.

Hatari ya mwisho ni ile inayotisha zaidi. Jicho moja likipasuka, mara chache mwili unageuka na kushambulia hata jicho la pili ambalo halikupigwa, nyuma ya majuma, miezi, ao zaidi. Mwaka 1812, mutoto Mufaransa wa miaka mitatu alijichoma jicho kwa chuma cha kutoboa ngozi katika karakana ya baba yake. Ugonjwa ukahamia jicho la pili, na mbele hajaingia masomo alikuwa kipofu kabisa. Jina lake ni Louis Braille. Ni yeye aliyetengeneza yale maandiko ya nukta ambayo vipofu wa dunia nzima wanasoma kwa vidole.

8. Mila ya kuchunga na mila ya kuacha

Wengine watasema: mwalimu anataka tutupe mila. Hapana. Ninataka tuchague.

Mila ya kuchunga ni ya kusindikiza. Kwetu mugonjwa hatembei peke yake. Dada anafuata na sufuria, mujomba anatafuta feza, mutu wa kinga anajitolea, jirani anachunga watoto. Munganga anaweza kupasua kwa nusu saa, lakini matone ya jicho yanawekwa kwa majuma, na ni yule dada anayeyaweka. Bila jamaa hakuna upasuaji unaofaulu. Basi ule mukutano wa jamaa uliokuwa unaitwa kwa ngombo, tuuite siku ile ile ya jeraha, kwa swali lingine: nani anatoa feza ya safari, na nani anaondoka naye kesho asubui?

Mila ya kuacha ni ya kutia vitu ndani ya jicho, na ya kutafuta mulozi. Kama jamaa inataka kupatana na kubarikiana kwa pemba, ifanye hivyo mugonjwa akirudi. Pemba inangoja. Jicho halingoji.

Mambo ya kufanya ni machache, kila mutu anaweza kuyashika:
- Kama ni mavumbi, chokaa ao asidi, osha kwa maji safi mengi, hapo hapo, muda mrefu, kisha nenda lopitali.
- Kama jicho limekatwa ao limechomwa na kitu, usioshe, usisugue, usilifinye, usitoshe kitu kilichosimama ndani. Funika kwa kikombe safi kisichogusa jicho, kifunge kwa kitambaa, nenda.
- Usitie majani, maziwa, mafuta wala matone ya dukani yasiyoandikwa na munganga.
- Lomba sindano ya tetanosi.
- Hata ukipona, rudi kuangaliwa. Shinikizo linaweza kupanda miaka nyuma ya pigo.

Na kwa wenzangu walimu: mutoto aliyepoteza jicho moja hasemi, kwa sababu lingine linaona. Anageuza tu kichwa, anakosa mupira, anaandika nje ya mustari, na tunamuita mvivu. Mwanzo wa mwaka, mufunike kila mutoto jicho moja, kisha lingine, asome ubao. Ni kazi ya asubui moja na hailombi feza. Vilevile manati wakati wa maembe, na fimbo zetu wenyewe darasani: tuziweke chini.

Mwisho

Tumetoka katika kitunga cha ngombo, tukapita sindano ya Sushruta, kisu cha Daviel, vipande vya ndege ya vita, mupaka lensi ya dola chache. Tangu mwaka 2015 Lualaba ni jimbo, na Kolwezi ni makao yake makubwa. Malori ya kobalti na shaba yanapita usiku na muchana. Si zambi kulomba kwamba sehemu ya mali hiyo irudi kama lineti za kazi kwa makrezeri, kama munganga wa macho anayefika Kapanga kila mwaka, kama barabara inayopitika wakati wa mvua.

Lakini tusingoje serikali tu. Wazee wetu, kwa yale waliyoyajua, hawakumuacha mutu mwenye jicho bovu kukaa peke yake gizani. Walitafuta. Sisi tunajua zaidi yao. Basi tutafute upesi zaidi.